Dalili za Ugonjwa na Kinga ya Asili: Funzo la Samunge

Kijiji cha Samunge kimo katika wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha, upande wa Loliondo, katika nchi ya Wabatemi, ambao watu wengi huwaita Wasonjo. Ni wakulima wa siku nyingi wanaomwagilia mashamba yao kwa mifereji. Mwaka 2011 jina la kijiji hicho lilienea Afrika Mashariki nzima. Mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kilutheri, Ambilikile Mwasapile, aliyeitwa na wote Babu, alikuwa akiwanywesha wagonjwa kikombe kimoja cha maji yaliyochemshwa na mizizi ya mugariga, kwa bei ya shilingi 500. Alieleza kwamba dawa hiyo alioteshwa na Mungu, kwamba inaponya UKIMWI, kisukari, saratani, pumu na shinikizo la damu, na kwamba haifanyi kazi isipotolewa kwa mkono wake. Kufikia Machi 2011 foleni ya magari ilikuwa ya kilometa nyingi. Wengine walifika kwa helikopta, wengine walitoka Kenya na nchi za mbali zaidi, na wapo waliofariki dunia katika foleni kabla ya kukifikia kikombe.

Wengi waliorudi kutoka Samunge walisema kuwa wamepona. Hakuna sababu ya kuwadhania kuwa walikuwa waongo. Aliyelala usingizi mzuri baada ya majuma ya kukosa usingizi anajua alivyolala. Lakini mwanafunzi wa biolojia hana budi kuuliza swali jingine: mtu asemapo, "Najisikia nimepona," anatoa habari juu ya nini hasa? Je, ni habari juu ya kirusi kilichomo mwilini, au juu ya jambo jingine?

Jibu limo katika somo la kinga ya mwili, hasa ile sehemu ya kinga ambayo kila mtu huzaliwa nayo. Na ugonjwa unaolionyesha jibu hilo waziwazi ni UVIKO-19, ambao mgonjwa wake wa kwanza katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa msafiri aliyegunduliwa katika mkoa huo huo wa Arusha.

Walinzi wa mlangoni

Vitabu vya shule huieleza zaidi kinga inayojifunza, yaani seli B zinazotengeneza kingamwili na seli T zinazoua seli zilizoambukizwa. Kinga hiyo ni hodari, na ndiyo inayoamshwa na chanjo, lakini ina kasoro moja: huchelewa. Kirusi kigeni kikiingia, hupita siku kadhaa, aghalabu juma zima au zaidi, kabla kingamwili hazijawa nyingi za kutosha. Kirusi cha korona kikiwa ndani ya seli hutoa nakala nyingi katika muda wa saa chache. Kama mwili ungekuwa na kinga hiyo tu, mtu angekufa akingoja.

Anayeshika zamu katika siku hizo ni kinga ya asili. Sehemu yake ya kwanza ni vizuizi: ngozi, kamasi za pua, na vinyweleo vidogo mno vya koromeo la pumzi ambavyo husukuma uchafu juu kuelekea kooni. Nyuma ya vizuizi zimo seli za aina mbalimbali, kama vile makrofaji zinazomeza vijidudu, nyutrofili zinazokimbilia mahali penye jeraha, na seli wauaji zinazoziangamiza seli zilizokwisha kuambukizwa. Hazihitaji kukifahamu kijidudu kwa jina. Huzitosha kuona alama za jumla ambazo mwili wenyewe hauna, au hauna mahali pale.

Namna alama hizo zinavyotambuliwa haikujulikana vyema hadi miaka ya 1990. Mwaka 1996 Jules Hoffmann na wenzake, huko Ufaransa, walionyesha kuwa nzi wa matunda asiyekuwa na jeni iitwayo Toll hufa kwa ukungu kwa kuwa mwili wake hautambui kuwa umevamiwa. Mwaka 1998 Bruce Beutler, huko Marekani, alionyesha kuwa panya nao wana kipokezi cha jamaa hiyo hiyo, kinachotambua sumu ya bakteria. Binadamu anavyo vipokezi vya namna hiyo, na vinginevyo vilivyomo ndani kabisa ya seli, ambavyo kazi yake ni kuitambua RNA ya kirusi. RNA yenye nyuzi mbili zilizoshikana kwa urefu, kwa mfano, haipatikani katika hali ya kawaida ndani ya seli ya mtu. Ikionekana hapo, ni dalili ya mgeni. Hoffmann na Beutler walitunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 2011, mwaka ule ule wa foleni ya Samunge.

Mbiu ya intaferoni

Seli iliyotambua RNA ya kirusi hupiga mbiu. Mbiu yenyewe ni protini iitwayo intaferoni, na jinsi ilivyogunduliwa yafaa isimuliwe darasani, kwa kuwa ni jaribio ambalo mwanafunzi anaweza kulifuata hatua kwa hatua.

Mwaka 1957, mjini London, Alick Isaacs na Jean Lindenmann walichukua virusi vya mafua makali wakaviua kwa joto. Kisha wakaviweka pamoja na vipande vya utando wa yai la kuku lenye kinda. Baadaye walipouweka utando huo pamoja na virusi hai, virusi hivyo vilishindwa kuzaana. Jambo hilo lilikuwa limeonekana na wengine kabla yao. Wao waliongeza hatua moja: waliyachukua yale majimaji yaliyouzunguka utando wa kwanza, wakayaweka juu ya utando mpya ambao haujapata kukutana na kirusi chochote. Utando huo mpya nao ukawa na kinga. Basi ilidhihirika kuwa seli ya kwanza ilikuwa imetoa kitu kinachosafiri na kuwaonya jirani.

Jirani wanaoipokea intaferoni huwasha mamia ya jeni ambazo kwa kawaida zimezimwa. Baadhi ya protini zinazotengenezwa huikatakata RNA, nyingine husimamisha kazi ya kutengeneza protini katika seli nzima, ili kirusi kikiingia kikute kiwanda kimefungwa. Seli hujiumiza kwa kufanya hivyo. Hapo ndipo somo linapoanza kumhusu mgonjwa mwenyewe, kwa maana kinga ya asili haifanyi kazi kimya kimya.

Homa ni ya nani?

Mtu mwenye mafua au korona hupata homa, maumivu ya viungo, uchovu na kukosa hamu ya chakula. Watu wengi hudhani kuwa kirusi ndicho kinacholeta hayo moja kwa moja, kama moto unavyounguza. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya dalili hizo hutengenezwa na kinga ya asili. Intaferoni na saitokini nyingine, yaani protini za kupelekeana habari kati ya seli na seli, huingia katika damu na kufika mpaka kwenye ubongo. Huko husababisha kemikali iitwayo prostaglandini itengenezwe, nayo hulipandisha joto ambalo ubongo umelipangia mwili. Ndiyo maana mgonjwa hutetemeka kwa baridi wakati joto lake linapanda: ubongo umeamua kuwa nyuzi 37 hazitoshi tena. Wagonjwa wa homa ya ini ambao zamani walidungwa sindano za intaferoni kama dawa walipatwa na homa na maumivu ya mwili kama ya mafua makali, ilhali hawakuwa na kirusi cha mafua hata kimoja.

Parasetamoli hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Mgonjwa humeza vidonge viwili, na baada ya saa moja homa imeshuka na anaomba uji. Idadi ya virusi katika koo lake haikubadilika.

Hali kadhalika nyungu, iliyotumiwa sana nchini Tanzania mwaka 2020. Mvuke hulainisha kamasi, na aliyezibwa pua hupumua kwa nafuu. Nafuu hiyo ni ya kweli. Lakini kuviua virusi vya korona katika maabara kwa joto la nyuzi 56 huchukua muda wa nusu saa hivi, na hakuna koo la mtu linaloweza kustahimili joto hilo kwa muda huo bila kubabuka. Tena kirusi kilicho ndani ya seli za mapafu hakifikiwi na mvuke wa puani.

Kwa hiyo dalili hupima kishindo cha kinga, nacho hakiendi sambamba na wingi wa virusi. Mambo hayo mawili yaweza kutengana kabisa, na korona ndiyo inayoonyesha vizuri jinsi yanavyotengana.

Kirusi kinachonyamazisha mbiu

Kirusi cha SARS-CoV-2 kina mbinu za kuichelewesha intaferoni. Hunakili RNA yake ndani ya vifuko vyenye utando maradufu, ambamo vipokezi vya seli haviioni. Huifunika ncha ya RNA yake kwa kofia ya kemikali inayofanana na ile ya RNA ya mwenye mwili. Aidha, protini yake moja, iitwayo Nsp1, huikaba mitambo ya seli ya kutengenezea protini, hata mbiu ikishaandikwa isiweze kupigwa.

Matokeo yake ni kwamba katika siku za mwanzo virusi huongezeka sana puani na kooni ilhali mtu anajisikia mzima. Wingi wa virusi hufikia kilele karibu na siku ya kwanza ya dalili, na mtu aweza kuwaambukiza wengine siku mbili hivi kabla ya kuanza kukohoa. Jambo hili peke yake liliwashinda wale waliotegemea kupima homa milangoni: kipimajoto kilitafuta kazi ya kinga, na kinga ilikuwa bado haijaamka.

Kwa wengi mbiu hupigwa hatimaye kwa wakati ufaao, kinga inayojifunza inafika, na ugonjwa unaisha. Watoto wana bahati ya pekee: seli za pua zao zimeonekana kuwa na vipokezi vya kuitambua RNA vingi zaidi, tayari kwa kazi, kuliko za watu wazima. Kwa wachache mbiu haisikiki. Mwaka 2020 kundi la watafiti likiongozwa na Jean-Laurent Casanova lilipima damu ya wagonjwa 987 waliokuwa mahututi kwa korona, na kukuta kuwa 101 kati yao walikuwa na kingamwili zinazoishambulia intaferoni yao wenyewe. Kati ya watu 663 walioambukizwa bila kuugua sana, hakupatikana hata mmoja. Mtu wa namna hiyo aweza kuishi miaka mingi bila kujua kuwa mbiu yake imezibwa, mpaka siku anapokutana na kirusi kipya.

Mbiu ikichelewa, hatari nyingine huzuka. Katika juma la pili virusi aghalabu huwa vimeanza kupungua, lakini makrofaji na nyutrofili zilizochelewa kuitwa huja kwa wingi kupita kiasi na kumwaga saitokini ovyo. Vifuko vya hewa hujaa majimaji. Mgonjwa huishiwa pumzi kwa sababu ya kinga yake mwenyewe, wakati ambapo kirusi kimekwisha kudhoofika.

Ndipo inapoeleweka kwa nini dawa iliyowaokoa watu wengi mwaka 2020 haikuwa dawa ya kuua kirusi. Katika jaribio lililoitwa RECOVERY, lililofanyika Uingereza, wagonjwa walipangwa kwa bahati nasibu, wengine wakapewa deksamethasoni, dawa ya bei ndogo iliyojulikana tangu miaka ya 1950, ambayo hupunguza ukali wa kinga. Kati ya wagonjwa waliokuwa wakipumua kwa mashine, waliokufa katika siku 28 walikuwa asilimia 41 pasipo dawa hiyo, na asilimia 29 kwa waliopewa. Kwa wale ambao hawakuhitaji oksijeni haikuleta faida, na huenda iliwadhuru; hao walikuwa bado wanaihitaji kinga yao.

Intaferoni yenyewe ilijaribiwa pia kama dawa. Ilipodungwa wagonjwa waliokwisha kulazwa hospitali, katika jaribio la Shirika la Afya Duniani, haikupunguza vifo. Ilipotolewa mapema, katika siku saba za kwanza za dalili, katika jaribio la Brazil na Kanada ambalo matokeo yake yalitangazwa mwaka 2023, aina moja ya intaferoni ilipunguza kwa nusu hivi idadi ya waliohitaji kulazwa au kutibiwa kwa dharura. Mbiu ina saa yake.

Kurudi Samunge

Magonjwa yaliyotajwa katika foleni ya mwaka 2011 hayafanani na korona, wala hayafanani yenyewe kwa yenyewe. Pumu huja na kuondoka, hivyo mtu anayesafiri siku nyingi kutafuta dawa akiwa amezidiwa ana nafasi kubwa ya kupata nafuu akirudi, akunywe au asinywe. Shinikizo la damu na kisukari mara nyingi havimpi mtu dalili yoyote ya kutegemea.

UKIMWI ndio unaotisha zaidi. Majuma mawili hadi manne baada ya kuambukizwa, watu wengi hupata homa inayofanana na mafua. Ni mbiu ya intaferoni ikipigwa kwa nguvu. Homa hiyo huisha. Baada yake huja miaka kadhaa ya ukimya, ambayo katika muda wake mtu hulima, huoa, huzaa na kujisikia mzima, huku seli zake za CD4 zikipungua. Mtu aliye katika miaka hiyo akinywa kikombe na kusema, "Sina tatizo," asema kweli juu ya anavyojisikia. Baadhi ya waliokwenda Samunge waliacha dawa za kufubaza virusi baada ya kunywa. Kwa kawaida virusi hurudi katika damu majuma machache baada ya dawa kuachwa, na havirudi na homa wala maumivu ya kumwonya mwenyewe.

Haifuati kwamba mugariga ni mti usio na kitu. Wataalamu wa mimea huuita Carissa edulis, au siku hizi Carissa spinarum, na watu wa Afrika Mashariki wameutumia tangu zamani kwa tiba mbalimbali. Mwaka 2006 Festus Tolo na wenzake, wakiwa Kenya, walichapisha utafiti ulioonyesha kuwa dondoo la mizizi yake huzuia virusi vya malengelenge kuzaana katika seli za maabara, na huchelewesha ugonjwa huo kwa panya. Huo ni mwanzo mzuri wa utafiti. Hata hivyo seli katika bakuli si mtu, wala kirusi cha malengelenge si cha UKIMWI. Tena sharti la kwamba dawa haifanyi kazi isipotolewa na mkono wa mtu mmoja liliuondoa mti wenyewe katika mizani ya kupimwa na wengine.

Afrika Mashariki ilikuwa imekwisha kupita njia hiyo, na intaferoni ndiyo iliyokuwa mkononi. Mwaka 1990 ilitangazwa Kenya, na Rais Daniel arap Moi mwenyewe, kuwa imepatikana dawa ya UKIMWI iitwayo Kemron. Ilikuwa ni intaferoni kidogo sana, ya kuyeyusha mdomoni. Wagonjwa wa kwanza waliripotiwa kupata nafuu ya ajabu. Hawakuwa wamelinganishwa na wagonjwa wengine wasiopewa. Ulinganisho ulipofanywa, pamoja na ule wa Uganda uliotumia dawa bandia kwa nusu ya wagonjwa, faida haikuonekana. Kemron ilitoka katika taasisi ya utafiti ya kuheshimika na kikombe kilitoka katika ndoto, lakini ushahidi wa vyote viwili ulikuwa wa namna moja.

Hata mwanasayansi mkubwa hawezi kujitoa ushahidi. Mshindi wa tatu wa Tuzo ya Nobel ya mwaka 2011 alikuwa Ralph Steinman, mgunduzi wa seli zenye matawi, ambazo huichukua habari ya kinga ya asili na kuikabidhi kwa seli T. Aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho mwaka 2007, akajaribu kujitibu kwa chanjo zilizotengenezwa na seli hizo, akaishi miaka minne na nusu, muda mrefu kuliko ilivyotarajiwa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2011, siku tatu kabla ya tuzo kutangazwa. Je, chanjo ndizo zilizomwongezea siku? Alikuwa mgonjwa mmoja, na hakuwapo Steinman wa pili ambaye hakutibiwa.

Mchungaji Mwasapile alifariki Julai 2021, siku chache tu baada ya chanjo ya korona kuzinduliwa rasmi Tanzania bara.

Zoezi la darasani

Mwalimu mwenye wanafunzi 40 awagawe kwa kura katika makundi mawili ya watu 20. Wote wahesabiwe kuwa na mafua. Kundi la kwanza wanywe kikombe cha maji na kuambiwa kuwa ni dawa; kundi la pili wasinywe kitu. Kisha kila mwanafunzi arushe sarafu mara mbili, na yeyote aliyepata upande wa kichwa angalau mara moja ahesabiwe kuwa amepona. Waliopona katika kundi la kwanza wasimame mbele, mmoja mmoja, na kila mmoja atoe ushuhuda wake. Kwa kawaida watakuwa kama 15.

Kabla ya kundi la pili kuhesabiwa, darasa lipige kura: je, dawa inafanya kazi? Idadi ya kura iandikwe ubaoni. Halafu kundi la pili lisimame, waliopona wahesabiwe, na kura ipigwe tena. Mwisho wanafunzi wajibu kwa maandishi: kama ugonjwa ungekuwa UKIMWI katika miaka yake ya ukimya badala ya mafua, ni kitu gani kingepaswa kupimwa kabla na baada ya kikombe, kwa muda gani, na kwa nini swali la "Wajisikiaje?" lisingefaa kuwa mojawapo ya vipimo?